Naomba ushauri: sanduku la vifaa linalolala saiti

Wakuu, sanduku la grainda, drili na mashine ya kuchomelea linabaki saiti usiku, na kuibiwa grainda moja tu kunasimamisha kazi nzima. Bati ni la mm 3. Udhaifu uko kwenye masikio ya kufuli (vipande vyenye tundu ambamo kufuli hupita). Yakiwa nje, mtaimbo unayang'oa, na kufuli ya kawaida haichukui muda kukatwa na grainda ya betri. Nafikiria kuyafunika kwa kipande cha bomba la mraba, mkono uingie kwa chini tu, bawaba ziwe ndani.

Sanduku nitalifunga sakafuni kwa bolti nne za kutanuka, M12 (kipenyo cha mm 12). Je, zege la inchi 3 litazishika au litapasuka?

Na alama ya kutambulisha vifaa vyangu nichonge wapi, kwenye kichwa cha alumini cha mashine au kwenye plastiki yake? Stika hubanduliwa.