Tupeane uzoefu: menemen na mayai mengine ya Kituruki

Nimeona kwenye tamthilia wanachovya mkate kwenye kikaango nikakumbuka Istanbul. Mliowahi kukaa kule, menemen, yale mayai ya nyanya na hoho, mnaipikaje nyumbani? Yangu inatoka majimaji kama mchuzi.

— Kwaruza nyanya. Hoho ianze kwenye mafuta ya zeituni, kisha nyanya, ziache zikauke mpaka mafuta yaelee ndo uvunje mayai. Usivuruge sana.

— Na kitunguu

— Kitunguu HAKIWEKWI

— Nani kasema? 2018 yule mchambuzi wa misosi Vedat Milor aliwauliza Waturuki wenyewe Twitter, kura zikapita laki nne na kitunguu kikashinda kiduchu. Tulia.

— Kura hazipiki.

— Nyie gombaneni tu, mi niwape ya çılbır. Tulikuwa wadada tunasoma Eskişehir, baridi kali, madirisha yote yamefungwa. Çılbır yenyewe haina mambo, mayai unayachemsha bila ganda unayalaza juu ya mtindi mzito wenye kitunguu saumu unamwagia siagi ya moto yenye pul biber, ile pilipili yao ya chengachenga. Sasa mwenzetu mmoja kaacha siagi jikoni na pilipili ishatiwa, kaenda kuongea na mama yake kwenye simu. Moshi ulivyopanda weee! Macho, koo, kila kitu kinawaka, tukatoka mbio mpaka ngazini na soksi, mlango ukajibamiza nyuma yetu, funguo ndani, jiko linawaka. Bibi wa chini katoka na nguo ya kulalia anapiga kelele yangın, yangın, akijua nyumba inaungua. Kijana wake karukia balkoni yetu kavunja kioo kazima. Bibi akatuingiza kwake, chai juu ya chai, akatupikia çılbır yake huku anatusema mpaka tukamaliza sahani.

— Pole dada 😂😂

— Huyo kijana alikuwa kaoa?

— Mada ni mayai wewe

— Alikuwa hajaoa. Siendelei.

— Aaah endelea bana!

— Siagi uiepue kwanza ndo utie pilipili, yasingewakuta.

— Ukiepua haitoi rangi. Moto mdogo tu, na simu izimwe.

— Mtindi wetu wa pakiti mwepesi, uchuje kwenye kitambaa usiku kucha.

— Usiku kucha kwa ajili ya yai?? Mi nakula na chapati naenda kazini.

— Mleta mada, maji yakizidi ongeza yai.

— Utamnunulia wewe hilo yai?