Kiti cha toyo ya kubebea samaki: sponji gani, kitambaa gani?

Sahare_Kwetu
Wakuu, habari za kazi. Kuna toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) inabeba samaki na barafu kutoka Deep Sea kwenda Ngamiani, hapa Tanga, imechomelewa kiti kipya cha dereva. Fremu ni skwea paipu ya inchi 1. Kikalio sentimita 50 kwa 40, mgongo 50 kwa 35. Dereva anapanda na nguo zilizolowa maji ya chumvi, na mchana kutwa chombo kiko juani. Wengine wanasema nikate godoro la kawaida, wengine nijaze usumba wa nazi kwa kuwa upo tele. Juu nafikiria leza (ngozi bandia ya plastiki) nyeusi. Naomba vipimo.

Fundi_Makochi
Godoro la kulalia achana nalo. Ukilala, uzito unasambaa mwili mzima. Ukikaa, sehemu kubwa inaangukia mifupa miwili ya makalio. Shimo la kwanza tu unagonga ubao.

Weka tabaka mbili. Chini sentimita 5 za lile sponji gumu la rangi mchanganyiko, linalogandamizwa kutokana na vipande, uzito kilo 80 au zaidi kwa mita ya ujazo. Juu yake sentimita 4 za sponji ya kilo 35 hadi 40. Dukani ibonyeze kwa goti: goti likifika sakafuni, rudisha. Usijaribu kufidia ulaini kwa unene, maana kiti kirefu kinamyumbisha dereva kwenye kona na mguu unakuwa mbali na pedeli ya breki.

Usumba ulitumika sana kwenye viti vya magari, lakini ule ulikuwa umeshikanishwa kwa mpira. Ukijaza mtupu unakimbilia upande mmoja. Halafu chumvi inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kwa pwani yetu hautakauka.

Cherehani_Nzito
Leza igeuze uangalie mgongo wake kabla ya kuuliza bei. Ukikuta kitambaa cha pamba, kitaoza. Tafuta yenye mgongo wa poliesta iliyofumwa kama fulana: inavutika kwenye kona bila kuchanika. Unene milimita 1 unatosha.

Nyeusi hapana, kaka. Joto linafukuza mafuta yanayoilainisha, inakakamaa kisha inapasuka. Chukua kijivu au maziwa.

Kikalio usikishone kabisa, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Tumia kipande kimoja na kona uzikunje. Ukilazimika kushona mgongoni, tumia uzi wa poliesta, sindano namba 16 au 18, mshono wa milimita 4 hadi 5. Mshono wa karibu karibu unaikata leza.

Sahare_Kwetu
Nimewaelewa. Je, nikiifunga sponji yote kwa nailoni kwanza?

Fundi_Makochi
Funika juu na ubavuni tu, chini acha wazi. Ukiifunga pande zote, maji yakiingia hayatoki, na hewa ikikosa pa kupita kila dereva akikaa, leza inavimba pembeni na pini zinazoishika kwenye ubao zinang'oka. Hapa ndipo viti vingi vinapoharibika, hata vilivyowekwa sponji nzuri.

Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12 yenye matundu 5 ya milimita 12, moja katikati na mengine karibu na kona. Paka rangi ya mafuta kingo zote na ndani ya matundu, kwani plaiwudi inanywa maji kupitia kingo. Sponji izidi ubao sentimita 1 kila kipimo ili leza ikaze. Leza ianike juani nusu saa ilainike, ndipo uvute: katikati ya mbele, katikati ya nyuma, pande, kona mwisho. Pini ziwe za stenles, urefu milimita 8 hadi 10, kila sentimita 2.5. Pini za kawaida kwa chumvi hiyo zitakula kutu haraka.

Kifunge kwa boliti 4 zenye nati, kivuliwe kirahisi, kimwagiwe maji ya bomba yasiyo na chumvi na kusimamishwa kichuruzike.

Cherehani_Nzito
Kitambaa nunua mita moja tu, kama upana ni sentimita 137. Kikalio kinahitaji 80 kwa 70 pamoja na cha kukunjia chini, mgongo wenye sponji ya sentimita 5 unahitaji 72 kwa 57. Vilaze sambamba, 70 na 57, vinaenea.