Kidato cha pili wanatengeneza podikasti za Kiingereza, ila wanasoma karatasi tu. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kiingereza shule ya kata huku Shinyanga vijijini, kidato cha pili, wanafunzi 74. Hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, nyumbani wanaongea Kisukuma, halafu walipofika sekondari wakakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Kuandika wanajikongoja. Ukimwinua mmoja aseme sentensi moja tu, anainamisha kichwa na darasa zima linaangua kicheko.

Muhula huu nikaanzisha podikasti. Makundi 10, kila kundi kipindi cha dakika tano kuhusu jambo la hapahapa: kisima kilichokauka, mnada wa ng'ombe, bibi anayefinyanga vyungu. Tunarekodi kwa simu yangu maana wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, na Ijumaa tunasikiliza wote.

Binti mmoja, mkimya kuliko wote, alirekodi "Yesterday I go to the market". Nilipomsikilizisha sauti yake alinyoosha kidole akaisimamisha, akaniambia, "Mwalimu, ni went. Naomba nirudie." Kosa hilohilo nimemsahihishia kwa wino mwekundu tangu kidato cha kwanza. Siku ile alilisikia mwenyewe, na hajalirudia.

Ndiyo maana sitaki kuacha, lakini nimekwama. Makundi mengi yanaandika insha, anayejua Kiingereza anaisoma mwanzo mpaka mwisho, wengine wanaishia "Good morning listeners" na "Thank you, goodbye". Halafu sauti ni mbovu, darasa ni la bati na lina mwangwi. Na mwenzangu mmoja ofisini ananiambia napoteza muda, mtihani wa taifa ni wa kuandika. Naombeni ushauri, hasa kwa aliyewahi kujaribu.

Mama Wawili
Hongera sana mwalimu. Mimi nimefanya hivi miaka mitatu, na dawa ya kusoma ni kuwanyang'anya karatasi. Waache waandike nyumbani wanavyotaka, lakini wakija kurekodi kila mmoja awe na kipande cha karatasi chenye maneno matano tu: well, dry, queue, bucket, night. Sentensi aziunge mwenyewe pale pale. Mara ya kwanza watakwama, usiwakatize. Rekodi mara tatu, na wao wenyewe wachague iliyo bora. Hapo kwenye kuchagua ndipo wanapojifunza zaidi, kwa sababu lazima wabishane kwa nini hii inapita ile.

Na huyo bibi wa vyungu, waende wakamhoji kwa Kisukuma. Wakirudi kila mwanafunzi anasimulia sehemu yake kwa Kiingereza. Mtoto akiwa na jambo ambalo wenzake hawalijui, anatafuta maneno kwa nguvu zote. Akipewa "My School" hana cha kutafuta.

Fundi Mitambo
Mkuu, upande wa sauti. Tokeni darasani. Stoo yenye magunia ya mahindi ni studio tosha, magunia yanameza mwangwi. Kama hakuna, wawili wajifunike kitenge kizito pamoja na simu. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isikabiliane na pumzi, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kishindo. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, ili isiite katikati ya kipindi.

Kuhariri, tumia programu ya Audacity kwenye kompyuta yoyote ya zamani, ni ya bure na ukishaipakua haihitaji intaneti. Ukitoa faili la MP3 chagua mono (sauti ya njia moja), kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika tano zinakuja kama MB 2.4, zinapita kwa Bluetooth bila shida. Weka kwenye memori kadi, chomeka kwenye redio, wasikilize hata umeme ukikatika.

Mwalimu wa Bungoma
Mwalimu mwenzangu, pole kwa kazi. Kuhusu huyo anayesema mtihani ni wa kuandika: hapa Kenya kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, stadi za kuzungumza zina alama 30 katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza, lakini nazo zinajibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaandika neno gani hutamkwa sawa na lingine bila kufungua kinywa. Nimeona watoto wakipata alama nzuri hapo, kisha mgeni akija shuleni wanajificha nyuma ya darasa. Usikubali kuacha.

Ninachokuomba ni hiki: usisahihishe kila kitu. Kipindi kimoja, chagua tamko moja na kanuni moja ya sarufi. Kisukuma hakina "r", kwa hiyo wiki moja iwe ya "rice" na "lice" tu. Ile "th" inayowasumbua wengi iko kwenye Kiswahili tayari: ya "think" ni ya thelathini, ya "this" ni dh ya dhahabu. Anayesema "selasini" mrekebishe hapo kwanza, Kiingereza kitafuata.

Mzazi Makini
Naomba nikumbushe jambo moja. Sauti ya mtoto ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi nyeti. Pata idhini ya wazazi kwa maandishi, na vipindi vibaki shuleni. Visirushwe kwenye magrupu.

Chaki Nyeupe
Narudi baada ya wiki mbili. Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Idhini nimezipata kwenye kikao cha wazazi, isipokuwa tatu, na wanafunzi hao watatu wanahariri na kutunga maswali kwa wasikilizaji. Stoo ya magunia imefanya kazi ajabu.

Kundi la vyungu walirekodi bila karatasi. Kimya cha kwanza kilikuwa sekunde 11, nilihesabu. Kisha kijana mmoja akasema, "My grandmother, she hit the pot with finger and she listen. If the pot is sing, is good." Makosa nimeyaona yote, lakini darasa zima liliomba irudiwe, na hakuna aliyecheka. Wiki hii tunashughulikia "she hits, she listens" kupitia sentensi yake hiyohiyo.

Mama Wawili, swali moja: ukiwa na makundi 10 na simu moja, ulikuwa unawapangaje ili wengine wasikae bure?

Mama Wawili
Makundi mawili tu kwa siku, saa kumi baada ya vipindi. Wengine wape redio na kipindi cha wiki iliyopita, kila kundi litoe maswali matatu kwa waliorekodi, na wajibu kwa mdomo.