Nimepewa usimamizi wa mafundi niliokuwa nikishona nao. Niwaongoze vipi?

Msimamizi_Mpya_Kariobangi

Hamjambo wadau. Natafuta ushauri wa mtu aliyewahi kusimamia kazi ya mikono, si ya ofisi.

Niko kwenye karakana ya sare za shule, Kariobangi Light Industries hapa Nairobi. Tuko 22: wakataji, mafundi wa cherehani, wawili wa ovaloki (mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke), na wale wa vifungo na pasi. Mwenye karakana amenipa usimamizi mwezi huu, na oda za Januari zimeshaanza kuingia.

Msimamizi aliyekuwepo alikuwa mtu wa makelele. Alisimama nyuma ya fundi akimhesabia kola moja moja. Kazi ilitoka, siwezi kusema haikutoka. Lakini akienda tu Gikomba kununua vifungo, cherehani zilinyamaza na simu zikatoka mifukoni. Alipoacha kazi, bosi akasema sisi ni watu wazima, tujipange. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Wakataji walikata sketi huku wa cherehani wamekaa bure wakingoja kaptula. Hakuna aliyejua oda ya shule gani inatangulia, na mafundi wawili wazuri walihama kwa kuchoka kufidia uzembe wa wenzao.

Sasa bosi ananitaka niwe mkali kama yule wa kwanza, na kila nguo ikirudi nimkate fundi pesa. Baadhi yao ni wakubwa wangu kwa umri. Mmoja ndiye aliyenifundisha kushona kola. Nataka kazi itoke na nataka watu wabaki. Nifanyeje?

Wa_Vitambaa_Eastleigh

Hongera dada. Naendesha duka la jumla la vitambaa Eastleigh na ushauri wangu ni mfupi: anza na msimamo. Kulegeza baadaye ni rahisi, kukaza baadaye ni vita. Wiki ya kwanza kila mtu ajue saa ya kuingia na nani mwenye neno la mwisho. Mzazi wa Januari hangojei, asipopata sare kwako atanunua kwingine siku hiyo hiyo. Wakubwa wape heshima yao yote, lakini kazi ni kazi.

Mwanafunzi_wa_Biashara

Dada, umepitia mitindo mitatu ambayo sisi tunaisoma darasani. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha utafiti wao wa Iowa, Marekani, kuhusu vilabu vya wavulana wa miaka 10 waliokuwa wakitengeneza vinyago. Kuna kiongozi aliyeamuru kila kitu, kuna aliyeshauriana na kikundi, na kuna aliyewaacha wafanye wapendavyo. Waliokuwa chini ya amri walifanya kazi nyingi, ila kiongozi akitoka chumbani, kazi inashuka vibaya. Walioshirikishwa waliendelea karibu kama kawaida. Walioachwa ndio waliofanya kazi haba na duni.

Karakana yenu imeonja wa kwanza na wa tatu. Jaribu wa katikati.

Mama_wa_Laini

Mdogo wangu, nilisimamia laini ya suruali kwenye kiwanda cha nguo za kuuza nje hadi nilipostaafu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Mwanafunzi amesema kweli kuhusu kiongozi kutoka chumbani, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini wale walikuwa watoto klabuni, hawakuwa na kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Fundi anayelipwa kwa kipande ukimwita mkutano wa saa nzima kumwuliza maoni, umemnyima mapato ya saa nzima. Atakaa pale kimya akihesabu alichopoteza, na wewe utadhani hana la kusema. Ukitaka mawazo yake, mfuate kwenye cherehani yake, mwulize jambo moja: ni nini kinakuchelewesha? Kisha nenda kakiondoe. Huyu atakuambia sindano ni butu. Yule atakuambia bando, yaani mafungu ya vipande vilivyokatwa, zinamfikia zimechanganywa saizi, anapoteza muda kuzipanga upya. Ukiondoa kero mbili tatu za namna hiyo kabla ya kumwamuru mtu chochote, siku utakayoamuru watakusikiliza, kwa sababu wameshaona neno lako linaleta kitu.

Na utaamuru. Hapa niko na ndugu wa Eastleigh. Tarehe ya mzigo haipigiwi kura. Vipimo vya sare ni vya shule, si vyetu. Andika kwenye ubao ukutani oda ya leo, ya kesho, idadi na saizi, na mtu asikate kitambaa kisicho kwenye ubao. Hiyo peke yake ingewaokoa wakati ule mlipoachwa mjipange. Watu wazima hawashindwi kazi kwa kukosa kusukumwa, wanashindwa kwa kutojua kipi kinatangulia.

Lakini mpangilio wa laini, waulize. Kwenye shati la shule kola huchukua muda kuliko mshono wa ubavuni. Ukiwa na fundi mmoja wa kola na watano wa mbavu, mwili wa shati utarundikana ukingoja kola, na hakuna ukali utakaouondoa ule mrundo. Utamgombeza fundi wa kola mpaka alie, na shida haikuwa yake. Wao wanajua ni nani kati ya wale wa mbavu anayeweza kufunzwa kola kwa siku chache. Bosi ofisini hajui. Wewe mwenyewe huenda hujui.

Sasa huyo aliyekufundisha. Usisimame nyuma yake hata siku moja. Mwite ulivyokuwa ukimwita siku zote. Mpe hesabu yake asubuhi na umwachie, halafu mwombe amkalishe kijana mpya karibu naye. Huyo kijana ndiye wa kusimamiwa kwa karibu, nguo kwa nguo, mpaka mkono uzoee. Paul Hersey na Ken Blanchard walianza kuliandika jambo hili mwaka 1969, kwamba mtindo ufuate uwezo wa mtu katika kazi ile. Mtu mmoja anaweza kuwa bingwa wa kola na mgeni wa zipu. Wiki ya zipu utakaa karibu naye, na haitakuwa dharau.

Kukemea, mtoe kando. Kusifu, sifu mbele za watu, na taja kitu chenyewe: mshono upi, mzigo upi. "Mmefanya vizuri" haimfikii mtu yeyote.

Kuhusu kukata pesa, mimi nasema hapana. Fundi akijua nguo iliyokosewa itamgharimu, ataificha. Ataisukuma chini ya bando, na utaiona shuleni mikononi mwa mwalimu mkuu.

Mwakilishi_wa_Wafanyakazi

Namuunga mkono Mama, na naongeza upande wa sheria, maana bosi wako anaweza kujitia matatani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika iwapo mfanyakazi amefanya makusudi. Kola iliyopinda kwa sababu mkataji alikosea si makusudi ya fundi wa kola. Na makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mkifikia kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake aliyemchagua. Mweleze bosi taratibu, mkiwa wawili.

Wa_Vitambaa_Eastleigh

Mimi hapo kwenye makato narudi nyuma. Lakini Mama, bila makato utamzuiaje anayeharibu kila siku? Kitambaa ni pesa, nakiuza kwa mita.

Mama_wa_Laini

Swali zuri. Kila bando liwe na karatasi yake: oda, saizi, idadi, na namba ya kila aliyeligusa kuanzia mkataji. Nguo ikirudi, soma karatasi, rudi nayo kwa aliyekosea, aifumue na kuishona upya mwenyewe. Muda wake ndio unaolipa, na anajifunza mkono ulipopotea. Anayerudishiwa nguo kila siku baada ya kufunzwa, mhamishie kwenye pasi au vifungo. Akishindwa na huko, hapo fuateni njia aliyoeleza mwakilishi. Mimi laini yangu wengi walitulia kwenye hatua ya kuhamishwa, kwa sababu tatizo lilikuwa macho. Mwanamke mmoja alikuwa haoni uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Tulimpa zamu ya mchana karibu na dirisha, na kazi yake ikanyooka.

Msimamizi_Mpya_Kariobangi

Asanteni sana, Mama hasa. Ubao nimeshaupata, na leo nimezunguka na lile swali la nini kinakuchelewesha. Wanne wamenitajia taa ya upande wa ovaloki. Nimemwambia bosi, amekubali kuleta fundi wa stima kesho asubuhi. Kuhusu makato amesema tutazungumza, kwa hiyo namtengenezea karatasi ya bando aione kabla hatujakaa. Mama, namba ya mkataji niiandike juu au chini? Mafundi wangu wengine hawasomi haraka.

Mama_wa_Laini

Juu, kwa kalamu nyekundu. Na wasiosoma haraka, kila mmoja mpe rangi yake ya uzi, aufunge kidogo kwenye kona ya bando akimaliza.