Ati "Si Wapande Mahindi?" Yule Bwana Amenikera Kupita Kiasi

Wadau, nimetoka mjadalani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule mtaalamu wa vita dhidi ya mazao ya dawa za kulevya, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa nyote mnamjua, niliposimama kumuuliza mkulima wa koka, mmea wa kokeini, ale nini baada ya shamba lake kunyunyiziwa sumu kwa ndege, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema: "Si wapande mahindi?" Ukumbi mzima ukacheka.

Mahindi! Sumu iliyomwagwa Kolombia haikuchagua koka ikaiacha mihogo. Ilivuka hata mpaka, Ekuador ikafungua kesi mwaka 2008 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2013 ikakubaliwa kulipwa dola milioni 15 ili kesi iishe. Mnunuzi wa koka humfuata mkulima shambani, ilhali gunia la mahindi hutafutiwa soko kwa njia zisizopitika, na likifika huko bei yake hailipi hata jasho la punda. Naye anafuta miwani! Huyu angeifuta hata nyumba yake ikiwaka moto.

Mchangiaji wa 1: Pole, mleta uzi, lakini kutetemeka kwa sababu ya miwani ni kujitafutia presha. Machungu yenyewe yako Afghanistan, ambako mkulima alikuwa akikopa kwa ahadi ya kulipa afyuni ya msimu ujao; shamba likifyekwa, deni halikufyekwa, na wapo waliolilipa kwa kuwaoza binti zao.

Mchangiaji wa 2: Na fidia je? Mwaka 2002 Waingereza waliahidi kuwalipa wakulima wa huko huko kwa kila shamba la mipopi, mmea unaotoa afyuni, litakaloharibiwa, na wengine wakapanda zaidi ili walipwe. Hilo ndilo linaloniudhi mimi.

Mleta uzi: Yote ni kweli, lakini mmeelewa kwamba aliifuta kwa tai, tena taratibu, huku nimesimama?

Mchangiaji wa 3: Tumeelewa, ndugu. Sasa nani atajibu kuhusu Myanmar? Taliban, watawala wa Afghanistan, walipiga marufuku mipopi Aprili 2022, na mwaka uliofuata Myanmar ikaongoza duniani kwa kuzalisha afyuni.

Mchangiaji wa 2: Usituhamishe. Tumalize fidia kwanza.

Mchangiaji wa 1: Fidia gani itakayomrudisha binti aliyekwisha kuozwa? Tuanze na madeni.