Edinburgh mwezi wa Agosti: tamthilia zipi mpya za kutazama kwa siku tatu?

mwalimu_kilifi

Salamu wanajamvi. Nimepata likizo fupi kazini hapa Leeds na nimeamua mwaka huu lazima niione Fringe ya Edinburgh, lile tamasha kubwa la maonyesho la kila Agosti kule Uskoti. Tunafika Jumamosi ya kwanza ya tamasha asubuhi, tunaondoka Jumatatu jioni. Nakwenda na binti wa dada yangu, ana miaka 16, na ameshaniambia anataka kuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza.

Nilipokuwa nafundisha Kilifi nilikuwa naandaa wanafunzi kwa tamasha la drama la shule za Kenya. Nimezoea mchezo ambao wino wake haujakauka, mwandishi bado anafuta maneno ndani ya basi tukielekea mashindanoni. Hicho ndicho ninachokitafuta: tamthilia mpya, iliyoandikwa na mtu aliye hai, ambayo hakuna aliyeiona kabla ya Agosti hii. Wachekeshaji sitaki, na Shakespeare nitamwona siku nyingine.

Shida ni wingi. Nimefungua orodha nikakuta maonyesho zaidi ya 3,000. Nimechuja nikabakisha michezo ya kuigiza peke yake, bado ni mamia kwa mamia, na kila bango lina nyota nne au tano za wahakiki. Pesa yangu inatosha michezo mitano, labda sita, kwa watu wawili. Mtu anachaguaje? Na je, kuna chochote chenye harufu ya kwetu?

mswahili_glasgow

Mwalimu, mambo mawili ya haraka.

Malazi: Edinburgh mwezi wa Agosti bei hupanda vibaya sana. Laleni Glasgow. Treni ya kutoka stesheni ya Queen Street hadi Waverley, stesheni ya Edinburgh, haifiki saa nzima, ila kagueni saa ya treni ya mwisho kabla ya kununua tiketi ya onyesho la usiku.

Kuchagua: gazeti la The Scotsman lina tuzo inaitwa Fringe First, wanaitoa tangu 1973, na ni ya kazi mpya tu. Hutangazwa kila wiki wakati wa tamasha. Mimi huwa nasubiri orodha hiyo, kisha naenda. Kama mnaweza kusogeza safari hadi wiki ya pili au ya tatu, sogezeni. Mtakuwa mmepunguza kubahatisha.

bi_mkubwa_wa_leith

Mwalimu, usisogeze safari. Wiki ya kwanza ndiyo yako, na nitakueleza kwa nini.

Mimi naishi Leith, hapahapa Edinburgh, na kwa misimu kadhaa Agosti yangu imepita kwenye milango ya kumbi, nakagua tiketi na kuwaonyesha watu viti. Kazi hiyo ina faida ambayo mtazamaji wa kawaida haipati: unauona mchezo uleule kila siku, tangu wanapofungua hadi wanapofunga mizigo.

Kuna mmoja sitausahau. Ndugu wawili wa kike wanaondoa vitu kwenye nyumba ya mama yao aliyefariki, jukwaani hakuna kitu ila masanduku na kiti kimoja. Siku ya kwanza ulizidi muda, na kikundi kilichokuwa kinafuata kilikuwa kimesimama nje na vifaa vyao. Mwandishi, msichana mdogo, alikaa safu ya nyuma na daftari. Siku iliyofuata hotuba ya mwisho ilikuwa imekatwa nusu. Baada ya hapo ikaondolewa yote, na mahali pake dada mkubwa akawa anakunja kitenge cha marehemu, anakikunja tena, kimya. Nilisikia watu wakivuta pumzi gizani. Ilipofika wiki ya tatu mchezo ulikuwa laini, umeshika saa, umepata sifa, lakini ule mkunjo ulikuwa umekuwa mazoea. Walioutazama mwishoni waliona kitu kizuri. Walioutazama mwanzoni waliona kitu kikizaliwa. Wewe unayemleta binti anayetaka kuandika, akaone hilo la pili.

Sasa kuchagua. Usianze na jina la mchezo wala nyota. Anza na ukumbi. Fringe haina kamati ya uteuzi, na haijawahi kuwa nayo. Mwaka 1947 vikundi 8 vya maigizo vilikuja Edinburgh bila kualikwa, wakati tamasha kubwa la kimataifa linafanyika kwa mara ya kwanza, vikajitafutia kumbi na vikaonyesha. Hadi leo, ukipata mahali na ukalipa ada ya kuandikishwa, umo. Naupenda sana uhuru huo. Lakini maana yake ni kwamba hakuna aliyekuchagulia kabla hujafika. Ila kumbi zenyewe hazifanani: nyingine zinamkodisha yeyote mwenye pesa ya kulipia saa yake, nyingine zina mtu anayesoma miswada mwaka mzima na kuikataa mingi. Nenda kwa hizo za pili.

Ya kwanza ni Traverse, Cambridge Street, jirani na Usher Hall. Ilianza 1963 na uhai wake ni waandishi wapya. Unashuka ngazi hadi chini ya ardhi, kuna kumbi mbili, moja kubwa na moja ndogo, na kwenye baa utawakuta waandishi wenyewe wanakunywa chai na nyuso za watu wasiolala. Angalia sana saa: wakati wa Fringe ratiba yao huzunguka, mchezo wa leo asubuhi kesho unaweza kuwa usiku. Nimewaona watu wazima wakibubujikwa na machozi mlangoni, wameshika tiketi ya saa iliyokwisha kupita. Na Jumatatu kwa kawaida wanapumzika, kwa hiyo kwenu Traverse ni Jumamosi au Jumapili. Mara nyingi matini ya mchezo huuzwa palepale ikiwa kitabu. Mnunulie binti, akasome usiku kile alichokiona mchana. Ataona palipobadilishwa baada ya kitabu kwenda kiwandani.

Ya pili ni Summerhall, upande wa pili wa uwanja wa Meadows. Palikuwa chuo cha madaktari wa mifugo hadi 2011, na vyumba vimebaki na majina yao ya zamani. Ukumbi wa anatomia una mabenchi ya mbao yaliyopanda kwa mwinuko mkali, na mwigizaji anasimama chini kabisa, pale walipokuwa wakipasulia wanyama mbele ya wanafunzi. Mwigizaji mwongo hapati pa kujificha mle. Kwa miaka mingi uani hapo kampuni ya Paines Plough, ambayo tangu 1974 inafanya michezo mipya tu, ilikuwa inasimamisha jumba lake la duara linaloitwa Roundabout, linalokunjwa na kubebwa. Ukilikuta, ingia bila kuuliza mchezo gani.

Baada ya hizo mbili ndipo utazame Pleasance, Assembly na Underbelly. Ni kubwa, zina kila kitu, na tamthilia mpya nzuri zimefichwa humo katikati ya wachekeshaji. Usizidharau. Fleabag ya Phoebe Waller-Bridge ilianzia Underbelly mwaka 2013, mwanamke mmoja na kiti, ndani ya kuta zenye unyevu kule Cowgate, miaka kadhaa kabla haijawa kipindi cha televisheni. Na tamthilia iliyomtoa mwandishi Tom Stoppard, ile ya Rosencrantz na Guildenstern, ilionyeshwa hapa 1966 na kikundi cha wanafunzi wa Oxford. Mwaka uliofuata ilikuwa National Theatre ya London. Waliokaa kwenye viti vile siku zile hawakuwa na nyota za kuwaongoza.

Mtashangaa kuona michezo mingi ni ya mtu mmoja. Usidhani ni mtindo tu. Mwigizaji mmoja ni kitanda kimoja, nauli moja. Na kila kikundi kina kama saa moja tu ndani ya chumba, kisha wanabomoa kila kitu kwa dakika chache ili wengine waingie. Ndiyo maana jukwaani ni kiti, taa na labda ndoo. Kwa mwandishi anayeanza, hiyo ni shule kubwa kuliko zote: ukiondolewa mapazia na vyombo, yanabaki maneno na mwili.

Kuhusu harufu ya kwetu: mtafute Mara Menzies, msimulizi mwenye asili ya Kenya na Uskoti, anaishi hapahapa Edinburgh. Mwaka 2019 alikuwa Fringe na Blood and Gold. Kama ana kitu Agosti hii, kiwe cha kwanza kwenye orodha yenu. Hata kama hana, piteni Scottish Storytelling Centre, pale High Street ubavuni mwa nyumba ya John Knox. Aliyekulia Kilifi akisikiliza hadithi za bibi hatajiona mgeni mle.

mswahili_glasgow

Bi Mkubwa, nakuheshimu sana, lakini hapa sikubaliani nawe kikamilifu. Kwa mtu wa kazi ya zamu, tiketi moja inaweza kufika paundi 20 na kuzidi, zidisha kwa watu wawili. Mchezo mbovu wa siku ya kwanza ni mbovu kwelikweli. Mimi nimekaa kwenye chumba chenye watazamaji wachache kuliko waigizaji, na nikatoka nimechoka na nina njaa. Tuzo na wahakiki wapo ili watu kama sisi wasipoteze.

bi_mkubwa_wa_leith

Kaka, hoja ya pesa ni ya haki na siipuuzi. Mimi mwenyewe nilianza kazi ya mlangoni kwa sababu nisingeweza kununua tiketi zote nilizotaka.

Lakini fikiria upande wa pili. Kikundi kidogo kikifika hapa kimeshalipa ukumbi, ada, malazi na mabango, na wengi hurudi nyumbani na hasara. Siku za mwanzo, kabla mhakiki yeyote hajafika, chumba chenye watu sita na chumba chenye watu ishirini ni mambo mawili tofauti kabisa kwao. Wote tukisubiri tuzo, nani atakuwa ndani siku mhakiki anapoingia? Tuzo yenyewe inahitaji watu waliotangulia kuketi.

Na kwa bahati nzuri siku za mwanzo ndizo za nafuu. Maonyesho ya majaribio kabla ya ufunguzi rasmi huwa na bei ya chini, na kwa desturi Jumatatu na Jumanne ya kwanza maonyesho mengi huuza tiketi mbili kwa bei ya moja. Mwalimu, hiyo Jumatatu yako ni dhahabu. Nunua miwili au mitatu siku hiyo, Summerhall na Pleasance. Weka Traverse Jumamosi mchana, mmoja, na Jumapili mwingine. Acha nafasi moja wazi kabisa. Jumapili simameni High Street, pokeeni vipeperushi, lakini msichukue maneno ya karatasi. Mwulize anayekupa: "Wewe umo kwenye mchezo?" Kama yumo, mwambie akusimulie kwa sentensi mbili. Anayeamini kazi yake utamjua machoni. Mimi nimeona michezo bora ya maisha yangu kwa njia hiyo.

Onyo la njia: ramani inadanganya. Cowgate inaonekana imegusana na George IV Bridge, kumbe iko chini ya daraja na ni ngazi juu ya ngazi. Kutoka Traverse hadi Summerhall hesabu karibu nusu saa kwa sababu ya umati. Ukichelewa, milango mingi haifunguliwi tena. Michezo mitatu kwa siku inatosha, wa nne hamtausikia. Na koti la mvua, Agosti au si Agosti.

mwalimu_kilifi

Shikamoo Bi Mkubwa, na asante kaka wa Glasgow, tutalala kwenu huko. Nimekaa na binti tukaipitia tena orodha kwa kumbi badala ya majina, na kutoka mamia tumebakiwa na karatasi moja. Traverse miwili tumeshalipia. Mmoja ni wa mwandishi ambaye hii ndiyo tamthilia yake ya kwanza, binti amechagua yeye. Jumatatu tumepanga Summerhall saa 5 asubuhi na Pleasance saa 8 mchana, halafu mbio Waverley.

Swali la mwisho. Mchezo mmoja tulioutaka umeandikwa kwamba ni wa miaka 16 na zaidi. Ana miaka 16 kamili, lakini uso wake ni wa mtoto. Watamzuia?

bi_mkubwa_wa_leith

Marahaba mwanangu. Abebe kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, hata pasi ya kusafiria, asije akategemea picha ya simu. Soma na maelezo ya ukumbi wenyewe: mahali pengine umri ni ushauri wa mwandishi kuhusu lugha na mambo yanayozungumzwa, mahali pengine ni sharti kwa sababu chumba ni baa. Kama hamna uhakika, waandikieni ofisi ya tiketi ya ukumbi huo wiki hii, kabla hawajaelemewa. Wanajibu.

Na huyo mwandishi wa tamthilia ya kwanza, baada ya onyesho msikimbie. Kaeni kwenye baa ya Traverse dakika kumi. Akitokea, binti amuulize alifuta nini jana.