Krismasi ya wageni wa misheni kwa watoto wetu: tuipokee, tuikatae, au tuibadilishe?

Mwanzisha mada, Huruma

Naleta hoja hii hapa kwa sababu kwenye kikao cha kanisa tumeshindwa kuelewana. Kanisa rafiki la Marekani limetuandikia: watu wao 18 wanataka kuja Nairobi Disemba kwa safari ya misheni, na kazi yao kubwa itakuwa kuwaandalia watoto wenye shida sherehe za Krismasi. Moja hapa Huruma, moja Mathare, moja kwenye kituo cha watoto kule Kayole. Watoto 300 kila mahali. Pilau, soda, yale maputo makubwa ya kurukia, kupakwa rangi usoni, igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na kila mtoto aondoke na mfuko wa zawadi. Sisi tunaombwa uwanja, wakalimani na orodha ya watoto.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: waje, lakini si kwa mpango huo. Sherehe ya mtoto ina wenyewe, na wenyewe ni wazazi wake. Barua inamtaja mchungaji, dereva wa basi, hata mpiga picha. Mama na baba hawamo. Mtu asiyetujua angedhani watoto wa Huruma huota wenyewe kando ya mto kama matete.

Halafu kuna hesabu. Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Marekani msimu wa Krismasi, tukadirie dola 1,500. Kwa watu 18 ni dola 27,000, na dola ikiwa kama shilingi 129 hiyo ni karibu milioni tatu na nusu. Hapo bado hawajalala popote wala hakijanunuliwa kitunguu kimoja.

Sisemi wangetuma pesa wakabaki kwao. Hoja hiyo tunaipenda sana mitaani lakini haina miguu, kwa sababu pesa ya safari huchangwa kwa kuwa kuna safari. Mtu anayeuza keki kanisani kwake ili bintiye aione Kenya hatauza keki hizo ili mimi nilipiwe stima. Ninachosema ni kwamba ile sehemu ndogo inayobaki, ya chakula na zawadi, tunaweza kuiwekea masharti. Tuache kuona haya.

Karibuni. Matusi pembeni.

Mzee wa kanisa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Binti yangu, tangu lini mtu akaja na chakula mkononi ukamsomea masharti? Luka 14, Bwana anatuambia ukifanya karamu usiwaite matajiri wenzako, waite maskini, maana hawana cha kukulipa. Hawa ndugu wanalifanya neno kama lilivyoandikwa. Na sisi mwaka jana tuliwafanyia sherehe watoto wangapi? Tujibu hilo kwanza ndipo tuhesabu tiketi za watu.

Mkalimani wa wageni, South B

Mzee wangu, kwa heshima. Kuna pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hukaa siku kumi na jembe hawalioni.

Nimewatafsiria vikundi vingi na sitaki wasingiziwe. Wengi ni watu wema, wengine wameweka akiba mwaka mzima ili waje. Wapo niliowatafsiria walioanza kumlipia mtoto karo na wanalipa hadi leo. Lakini siku yenyewe ya sherehe hebu iangalieni kutoka pale ninaposimama mimi. Mgeni yuko nyuma ya meza na kijiko. Mtoto yuko kwenye foleni na sahani. Mpiga picha yuko katikati. Kazi yangu mimi ni kuwaambia watoto wapige makofi, na mpiga picha akikosa vizuri, wapige tena. Nyimbo wamefundishwa wiki mbili. Chakula kinapoa.

Na hilo la picha si la kupuuza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha imo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila wazazi kuridhia. Hao walikuwa wanafunzi wake yenyewe. Sisi tunataka kumkabidhi mtu tusiyemjua nyuso za watoto 900, zikabandikwe kwenye ukuta wa kanisa ambalo wazazi wao hawatalikanyaga maishani.

Mwalimu, shule ya mabati, Mathare

Mimi naitetea sahani. Mnaotaka kuikataa mjue Disemba ni mwezi gani kwa mtoto wa Mathare. Shule zinafungwa mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba hadi Januari. Mtoto wa shule ya serikali aliyekuwa akilipa shilingi tano na kupata chakula cha mchana cha Dishi na County, ule mpango wa Kaunti ya Nairobi ulioanza 2023, sasa hana. Wangu wa shule ya mabati walikuwa wanakula githeri tunayochangia, na hiyo nayo inakwisha tukifunga. Waliojaliwa wanapelekwa ushago, kwao kijijini. Wanaobaki mtaani ni wale ambao nauli, ambayo Disemba hupanda maradufu pale stendi ya mabasi ya Machakos Country Bus, imewashinda wazazi wao. Kwa hiyo yule mtoto utakayemkuta Mathare tarehe 20 Disemba ndiye hasa anayehitaji kula. Mchujo umeshafanywa na nauli.

Kinachonikera mimi ni orodha. Niliwahi kupewa nafasi 60, na nina watoto zaidi ya 200. Nikaambiwa nichague walio na shida. Nani Mathare hana shida? Nilichukua majina 60 ya kwanza kwenye rejista, basi. Siku ya sherehe waliokosa walisimama nje ya seng'enge wakiwatazama wenzao wakiruka kwenye maputo. Na tangu mafuriko ya Aprili 2024 na ile bomoabomoa ya kando ya mto iliyofuata, orodha zenyewe ni hadithi. Nusu ya familia zilihama, waliohamia hawamo kwenye daftari la mtu yeyote. Mnataka sherehe? Fungueni lango. Pikeni chakula cha kutosha au msipike.

Mama wa watoto watatu, Huruma

Nimewasoma wote na naona mnajadili heshima yangu bila kuniuliza kama nimeipoteza. Mimi nafua nguo za watu Pangani na Ngara. Disemba matajiri wangu wanasafiri, kazi inakauka kabisa. Mtoto wangu akila pilau mahali sitauliza aliyepika ni mzungu au ni mzee wa kanisa.

Lakini nilizuiwa langoni. Watoto walivalishwa utepe mkononi, mimi sikuwa na utepe, nikaambiwa wazazi wasubiri ng'ambo ya barabara. Jua la saa saba, nina mtoto mgongoni, na mle ndani ni wangu wawili, mdogo ana miaka minne. Mtu hata simjui jina amemkalisha mapajani anapigwa picha naye. Ningekuwa mimi ndiye nimekwenda kwao nikamkalisha mtoto wao mapajani, polisi wangeitwa.

Zawadi: wa kwanza alipata sabuni na kitabu cha kupaka rangi, vizuri sana. Wa pili glavu za sufu. Nazitumia kushikia sufuria. Nina shukrani, sisemi sina. Ila mkitaka kujua mimi ningeomba nini, ni viatu vyeusi vya shule. Wageni hawajawahi kuja Januari.

Mchangiaji, Umoja

Huyu mama amefunga mjadala.

Mwanzisha mada

Hajaufunga, ndio ameufungua. Mama, asante. Hilo la lango litaandikwa kwenye barua kama ulivyolisema.

Wa Majengo, Pumwani

Salaam. Watoto wetu pia hualikwa na huenda, hatuna ugomvi na pilau ya jirani. Tunaomba mawili tu: nyama iwe imechinjwa halali, na kama ndani ya mfuko kuna vijitabu vya dini, mzazi aambiwe kabla, si mtoto akifika nyumbani ndipo tugundue. Ukinialika niambie ni nini. Nitakuja au nitashukuru nikae kwangu.

Niliyelelewa kituoni

Mmezungumzia mitaa. Kituo cha Kayole mmekiruka, na mimi nadhani ndicho kibaya kuliko vyote. Si kwamba nakijua hicho, nasema aina ya jambo lenyewe.

Mimi nilikulia kituoni, mahali pengine. Nilikuwa na nyanya Kakamega, hai, mwenye shamba na ng'ombe. Wengi wetu tulikuwa na mtu. Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio vituoni duniani wana mzazi mmoja aliye hai, na kwetu ilikuwa hivyo hivyo, tulijuana. Shule zikifungwa tungeweza kupelekwa nyumbani kwa likizo. Hatukupelekwa, kwa sababu Disemba ndio mwezi wa wageni na wageni hawawezi kukuta vitanda vitupu. Sherehe ya Krismasi ndiyo iliyokuwa ikinizuia kula Krismasi na nyanya yangu. Alifariki nikiwa darasa la saba.

Mzee, nimesikia Luka 14. Lakini karamu ile watu waliitwa wakaja. Sisi tulikuwa hatuna pa kwenda.

Serikali yenyewe imeshaona. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe vituoni warudi kwa familia na jamii. Australia, ambako wafadhili na wageni wa vituo pia hutoka, mwaka 2018 ilihesabu biashara ya kuwaingiza watoto vituoni ili kuvuta wageni na misaada kuwa aina ya utumwa wa kisasa. Sasa kanisa letu liwapeleke watu 18 na maputo huko huko?

Mzee wa kanisa

Kijana, pole kwa nyanya. Hilo la vitanda sikulijua, na nina mpwa anayefanya kazi katika kituo kimoja, nitamuuliza. La Kayole naliondoa mdomoni. La Huruma na Mathare bado nasema, watoto na wale chakula.

Mwanzisha mada

Watakula, mzee. Tena hapo hatupingani, na mwalimu amenisogeza: nilikuja hapa nikiwa tayari kupunguza chakula ili kuongeza vitu vya shule vya Januari. Chakula kibaki chote.

Ninachopendekeza kwenye jibu letu ni hiki. Mwaliko uende kwa nyumba, si kwa mtoto. Mama, baba, nyanya, shangazi, anayemlea aje naye, na mwenye watoto watano aje na watano. Hakuna utepe. Wanaopika ni kina mama wa hapa hapa, na walipwe kibarua chao, maana ndio huu mwezi ambao mama fua hana kazi. Nyama itoke kwa bucha ya mtaa, ichinjwe halali, unga na mafuta kwa duka la mtaa. Na iwe chapati jamani. Pilau ni nzuri lakini Krismasi ya Nairobi bila chapati ni Jumatano tu. Wageni wakae kwenye meza ya kusukuma, wasukume chapati zisizo duara kama sisi sote tulivyoanza, hapo watapata jembe lao. Mpiga picha abaki hotelini. Anayetaka picha na rafiki aliyempata aombe ruhusa ya mzazi aliyekaa pale pale.

Mifuko ya zawadi wasibebe. Pesa yake inunue viatu, sare na madaftari, hapa Nairobi, wiki ya kwanza ya Januari. Watakuwa wameshaondoka na najua hilo ndilo litakalowauma, kutoona mtoto akifungua. Wakilikataa hilo tu na kukubali mengine, mimi nitakubali. Wakilikataa lango wazi, wasije.

Mama wa watoto watatu, Huruma

Nimependa. Sasa niambie pesa ya viatu inakaa wapi kati ya Disemba na Januari. Ikiingia akaunti ya kanisa, mimi najua paa litavuja ghafla.

Mkalimani wa wageni, South B

Nimecheka lakini amesema kweli.

Mwanzisha mada

Isikae popote. Wageni wenyewe walipe fundi wa sare na muuza viatu kabla ya kuondoka, risiti zibandikwe mlangoni kwa kanisa pamoja na idadi ya jozi, na mama mzazi aende na mtoto apimwe. Watatu wa kufuatilia: mwalimu mmoja, mzee mmoja, na mama mmoja asiye mke wa mzee. Ukikubali, huyo wa tatu ni wewe.

Mama wa watoto watatu, Huruma

Nakubali. Na orodha ya watoto nataka kuiona.

Mwalimu, shule ya mabati, Mathare

Idadi ya Mathare msitegemee 300. Mkifungua lango andaeni ya 500.

Mwanzisha mada

Nimeandika 500. Barua inaondoka Jumatatu. Kimebaki kitu kimoja ambacho sina jibu lake: badala ya sherehe ya Kayole nataka kuwaomba wageni wagharamie nauli ya kwenda na kurudi kwa watoto wa kituo walio na jamaa, waende nyumbani likizo. Kituo hakiwezi kumtoa mtoto bila ofisi ya watoto ya kaunti ndogo kujua. Aliyewahi kupitia utaratibu huo, au anayefanya kazi katika ofisi hizo, aandike hapa ni karatasi gani zinatakiwa na zinachukua muda gani, maana tukianza Disemba tutakuwa tumechelewa.